Debe Chini ya Koki

Martina mwanangu,

Nakuandikia ukiwa umeshuka sokoni kutafuta ndoo yenye mfuniko na tochi ya jua. Nimekaa kwenye benchi la nje, mgongo kwenye ukuta wa chumba cha kwanza, na karatasi nimeilaza juu ya ubao wa mama yako wa kukatia mboga. Haya ningeweza kukuambia kwa mdomo. Lakini tukianza kuzungumza itabidi upaze sauti, na wapangaji wa vyumba vyote watayasikia mambo yetu, isipokuwa mimi.

Habari za sweta, dawa na nauli ya kurudia sitaziandika. Hizo mama yako anazimudu hukohuko Mbulumbulu, pembeni ya kitanda cha bibi yako, na akianza kutoa maagizo hata ng'ombe husimama wakamsikiliza. Mimi nina jambo moja tu. Ila njia yake ni ndefu, nivumilie.

Jana Mama Upendo wa chumba cha tatu alinisimamia mbele, akanishika mkono mpaka nikamtazama mdomo, akasema, "Baba Martina, mtoto anataka kuiacha ile kazi ya ualimu ya Olbalbal. Kwa ajili yako." Alilirudia polepole, kama anavyofanya siku hizi, mpaka akaona limeingia.

Nitakuambia ukweli, mwanangu. Nilifurahi. Kabla ya kitu kingine chochote, nilifurahi. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikajifanya naangalia chemba ya maji machafu, nikasimama pale nikimshukuru Mungu kwa jambo ambalo baba hapaswi kumshukuru Mungu. Aibu ilikuja baadaye, na haikuja kwa haraka. Barua hii inakuambia uende, lakini usije ukadhani anayekuambia ni mtu jasiri.

Masikio yangu unajua yalikoishia. Miaka yote ile niliyoshinda kwenye mashine ya kusaga kule Mbulumbulu, wenzangu walikuwa wanaziba masikio kwa pamba nami nikiwacheka. Niliwauliza kama wanaogopa ngano. Sikio la kufa halisikii dawa, na methali hiyo nilizoea kuwatolea wengine. Nilipohamia hapa Karatu nikajenga vyumba hivi, sikio moja lilikuwa bado zima, na kazi ya kuangalia mabomba niliipenda kwa sababu ni kazi ya masikio. Watu wanadhani mwenye nyumba za kupangisha anazunguka na spana. Mwenye nyumba anazunguka akiwa amenyamaza. Boya la choo likikwama linatoa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale, shhh, shhh, mchana na usiku. Koki ambayo mpira wake umelika inadondosha. Bomba lililoingia hewa linakohoa. Ukiyasikia mapema unabadilisha kampira kadogo tu na maisha yanaendelea. Usipoyasikia, unakuja kuyaona, na ukishaanza kuyaona maji ya bomba ukutani ujue umechelewa.

Wewe ulikuwa mdogo nilipoanza kukuchukua kwenye mzunguko wetu wa Jumamosi. Ulibeba bisibisi ile ndefu yenye mpini mwekundu. Nilikuonyesha jinsi ya kugusisha ncha kwenye bomba na mpini kwenye mfupa wa karibu na sikio, ukafumba macho. Ukaniambia, "Baba, kuna mtu anatembea humu ndani." Tukachimba chini ya ngazi ya chumba cha pili tukakuta bomba limepasuka ufa mwembamba, udongo mwekundu umekuwa uji. Nilikutembeza kwa majirani wiki nzima nikikusifu. Mama yako akasema nitakuharibu.

Sasa nikukumbushe debe, ingawa unalijua, kwa sababu upande wangu wa hadithi hiyo hujawahi kuusikia.

Tenki letu la mnarani nililiunga vibaya. Fundi aliniambia bomba la kuingiza maji lipite juu, mimi nikabisha, nikaliingiza chini ili kuokoa bomba na kazi. Ndiyo maana mpaka leo mgao ukikata lazima valvu ifungwe, la sivyo maji yetu yanarudi njia yaliyojia na kwenda kwa majirani wa bondeni, ambao hawajawahi hata kusema asante. Na mgao ukirudi lazima mtu aifungue. Maji yenyewe yanakuja alfajiri, siku wanayojua wao, na jua likichomoza yameshaondoka. Basi nikabuni debe. Koki ya uani naiacha wazi, chini yake debe limepinduliwa, na maji yakija yanalipiga mpaka mtaa mzima unaamka. Wapangaji waliogopa debe lile kuliko kengele ya kanisa. Mimi nilikuwa natoka na ufunguo wa sanduku la valvu hata kabla sijavaa viatu. Nilijivunia hilo. Wengine wanajivunia magari.

Halafu wewe ukaenda chuoni, na mama yako akapanda Mbulumbulu baada ya bibi yako kuanguka, nikabaki mimi na debe.

Siku moja vyumba vilikauka. Mama Upendo akaja kuniuliza, nikamwambia maji hayajatoka. Akaniambia yalitoka. Nikamuuliza nani kasema. Sikungoja jibu, maana hata ningengoja nisingelisikia. Nilivaa koti langu la harusi na la kanisani nikaenda ofisini kwa watu wa maji, nikawafokea mbele ya foleni nzima. Niliwauliza mtaa wetu umewakosea nini hadi wauruke. Yule binti wa dirishani alikuwa ananieleza jambo, nami naona midomo inacheza tu, nikazidi kupandisha. Nilipogeuka niliona watu wanatazama chini. Hawakucheka. Wangecheka ningepona haraka. Mzee mmoja tunayesali naye alinishika kiwiko akanitoa nje taratibu, kama unavyomtoa mtu msibani.

Nilipofika nyumbani Mama Upendo alikuwa ananisubiri mlangoni. Alisogea karibu sana, akasema, "Mzee, debe lililia mpaka mwanangu akaamka. Tulikugongea mlango, tukagonga na dirisha." Wapangaji walikuwa wamejaza ndoo zao, wakafunga koki, wakaenda kazini. Valvu ilikuwa ndani ya sanduku langu lenye kufuli langu. Maji yalipita nje ya kichwa changu nikiwa nimelala.

Ulipopiga simu jioni ile uliniuliza habari za nyumbani. Nilijibu nzuri. Sikuwa nimesikia hata ulichouliza, nilikisia tu kwamba ni salamu. Simu ilipokatika nilibaki nimeishika sikioni.

Sasa nifike kwenye lile jambo moja.

Nilipoanza shule nyumbani tulikuwa tunazungumza Kiiraqw tu. Mwalimu wetu alitoka Kilimanjaro, mtu mwema, mwenye haraka. Maneno ya kwanza ya Kiswahili niliyoyajua vizuri yalikuwa mawili: ndiyo, mwalimu. Niligundua yanatosha. Akiuliza kama tumeelewa, ndiyo mwalimu. Akiuliza kama kuna asiyeelewa, ndiyo mwalimu, na hapo kidogo alinitazama. Nilimheshimu mno, sikutaka kumwonyesha kwamba alichosema hakijanifikia. Nikaitikia hivyo mpaka darasa la saba, na mtihani haukuuliza ndiyo. Ndiyo maana niliishia kwenye mashine ya kusaga, na mashine ikanimaliza masikio, na masikio yalipokwisha nikarudi kwenye dawa yangu ileile ya utotoni. Mtu akinisemesha, natikisa kichwa. Sawa, sawa. Asante sana. Haya.

Ukiwa kiziwi unagundua kwamba sawa-sawa inafungua karibu milango yote. Watu wengi hawahitaji jibu, wanahitaji uso. Nilikuwa na uso mzuri. Padri alinisifu kwa usikivu.

Kisha ikaja habari ya chumba cha tano. Hii ulisimuliwa na mama yako, naye aliifupisha ili kunihifadhi.

Mpangaji wa chumba cha tano, yule kijana anayeongoza watalii, alikuwa amekwenda Serengeti na wageni, msimu umepamba moto, chumba kimefungwa. Maji yetu unayajua yalivyo, yanaacha chumvi nyeupe inayoganda kwenye kila kitu. Chumvi ikamkamatia boya la choo. Maji yakaanza kupita, shhh, shhh, yakishuka shimoni siku baada ya siku. Nilipita mbele ya mlango ule kila asubuhi nikienda kumwagilia vitunguu. Zamani ningesimama. Ningeisikia hata nikiwa nagombana na mama yako.

Mama Upendo alisikia. Alinifuata kwenye vitunguu akaniambia. Namkumbuka akiwa amesimama na beseni lake la unga, midomo inacheza, akinyoosha mkono kuelekea vyumbani. Nilidhani ananiambia mwanawe amerudi likizo. Nikatabasamu. Nikamwambia, "Sawa, sawa. Mungu ni mwema." Akanitazama kidogo, akaenda zake. Alidhani nimesikia na nitalishughulikia, kwa sababu siku zote nilikuwa nalishughulikia.

Shimo lilijaa. Chemba ikafurika kwenye ile njia ya nyuma ambako yeye hupita kabla hakujapambazuka kwenda kuwasha jiko la chapati zake pale stendi. Aliteleza akaangukia mkono. Alilia kwa muda, wanasema, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo nakunywa chai.

Ile methali ya ufa na ukuta usiniandikie, naijua. Niliijua hata siku hiyo. Kuijua hakukunisaidia.

Mkono ulipona ukiwa umepinda kidogo kwenye kifundo. Anasukuma chapati kwa shida, anageuzia mkono wa kushoto. Nilikwenda kumwomba radhi. Alisema jambo refu, na mimi, mwanangu, hata siku ile, hata kwa jambo lile, nilitikisa kichwa. Mpaka leo sijui alisema nini. Sijathubutu kumwomba alirudie. Inawezekana alinisamehe, inawezekana alinilaani kwa upole, na mimi nilimjibu sawa. Ni mkono huohuo ulionishika jana nipate kusikia habari zako.

Wewe uliporudi kutoka chuoni ukisubiri kupangiwa shule, hukuniuliza neno. Ulichukua bisibisi. Jumamosi ya kwanza tu ulizunguka vyumba vyote, ukang'oa maboya yote, ukayaloweka kwenye siki, ukarudisha. Alfajiri ukilisikia debe ulikuwa unaingia unanigusa bega, nami nakupa ufunguo. Ulianza kunisemesha ukiwa umesimama mbele yangu kwenye mwanga. Na nilipokuwa nikiitikia sawa-sawa ulikuwa unaniuliza, "Nimesema nini, baba?" Nilichukia sana. Nilikasirika kweli, siku mbili nikakununia. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo maisha yangu yote, hata mwalimu yule.

Sasa safari yako imeshapangwa, hata kama moyo wako unasita, nami nitakuambia hali ilivyo, maana nikikudanganya utajua.

Sina mpango. Kile kifaa cha sikioni tulichopewa hospitalini kinapiga mluzi kichwani mwangu mpaka nauma meno, na daktari alishasema kilichokufa hakifufuki. Juzi ulipokwenda misa nilijaribu ile bisibisi. Niligusisha kwenye mfupa, kimya. Nikauma mpini kwa meno, kwa sababu kuna mtu aliniambia meno husikia. Nilisikia ladha ya plastiki. Niliweka kiganja kwenye bomba la mnarani, na maji yakipita kwa nguvu nahisi mtetemo kidogo, yakipita polepole sihisi kitu, na yanayoharibu nyumba ndiyo hayo ya polepole. Fundi naweza kumwita, lakini fundi anaitwa na aliyesikia. Kijana wa chumba cha tano ameahidi kunisaidia akiwepo, na hayupo. Mama Upendo ameshika ufunguo mmoja wa sanduku la valvu. Nilimpa mwenyewe jana jioni na sikujua nitazame wapi. Yeye ana jiko lake la kuwasha alfajiri hiyohiyo, na mkono wa kufungulia valvu ngumu ndio ule. Huo ndio ulinzi wangu wote. Kuna kitu kitavuja hapa, Martina. Sijui kipi, na sitakisikia.

Hata hivyo nenda.

Nisikilize ni kwa nini, na si kwa sababu baba anapaswa kusema hivyo. Kule Olbalbal hakuna bomba la kusikiliza. Watoto watakaokaa mbele yako wamechota maji mbali, au wamepita na ng'ombe asubuhi hiyo, na nyumbani wanazungumza Kimaasai. Watakuinamishia vichwa uwaguse, ndivyo wanavyomwamkia mkubwa. Halafu utaandika ubaoni, utageuka, utawauliza kama wameelewa. Watakujibu ndiyo, mwalimu. Kwa adabu nzuri kabisa. Ndiyo hiyo naijua mimi. Niliila miaka saba na bado naila. Mwalimu mwingine ataipokea, aendelee na somo, na hatakuwa na kosa lolote. Lakini wewe umekaa mwaka mzima na mzee anayeitikia asichosikia, umejifunza kumtambua machoni, na umejifunza kumuuliza nimesema nini bila kumfanya aone anatukanwa. Hukujifunza hilo chuoni. Umejifunza kwenye kuta hizi zinazovuja, na kama utabaki hapa litatumika kwa mtu mmoja aliyekwisha kuzeeka.

Kuna mtoto kule ambaye kichwa chake kinatikisika sasa hivi. Mimi simfahamu. Namwonea wivu.

Usiniulize kila jioni kama mabomba ni mazima. Kwanza mtandao huko wanasema mpaka upande kilima, na mimi simu hainifai kitu, ni ujumbe tu. Pili nitakuandikia ni mazima, na hiyo itakuwa sawa-sawa nyingine, safari hii ya vidole. Ukitaka kujua ukweli muulize Mama Upendo. Akikwambia njia ya nyuma imelowa, usirudi. Sikitika tu huko uliko, nami nisikitike huku. Wakati mwingine hakuna zaidi ya hapo, na nimechelewa sana kulikubali hilo, maana mimi ni mtu wa spana.

Nikimaliza barua hii nitakwenda kumwomba Mama Upendo alirudie lile neno la siku ile. Naandika hapa ili nisije nikaghairi. Naogopa. Nikishindwa leo, utaondoka ukijua kwamba baba yako ni mwoga na bado anakutaka uende.

Nakuona sasa unapandisha barabara na ndoo kichwani. Umevaa ile kofia ya mama yako. Upendo anakukimbilia akupokee, mnacheka jambo, na sijui ni jambo gani. Barua nitaiweka ndani ya ndoo hiyohiyo, chini ya sabuni, uikute leo jioni uking'ang'ania kupanga mizigo upya, maana nakujua.

Gari linakuja asubuhi na mapema. Tafadhali usiniagie mlangoni. Usigonge wala usiite. Ingia ndani uniguse bega, kama siku za debe, uwashe taa, usimame nikuone mdomo. Lolote utakaloniambia, nikikujibu sawa-sawa, usiondoke. Niulize umesema nini. Nikishindwa, rudia, na urudie tena, hata dereva akipiga honi. Honi mimi siisikii.

Baba yako